Sauti ya Magamba

9 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko na za kazi? Sisi huku wazima, ila mwanao Pengo ana kikohozi kidogo ambacho kimeanza kupungua. Mimi sijambo, mgongo tu ule ule wa kuinama. Mikono yako je? Mara ya mwisho ulisema sabuni ya kwenye chumba cha kufulia inakuchuna ngozi. Hiyo hospitali kubwa hivyo imeshindwa kuwapa glavu wanaofua mashuka yake?

Sura ya tano ya hadithi yako ilifika Jumanne, saa nane mchana, kurasa sita, zote zimetimia. Nimeandika kwenye shajara, na najua unacheka. Nilimsomea mwanao jioni ile ile baada ya kuoga. Sasa anataka kujua kitu kimoja tu: chini ya gamba la mwisho la huyo kakakuona wako kuna nini? Umeandika kwamba Magamba ana magamba sabini na saba, na chini ya kila moja amehifadhi kitu ambacho mtoto fulani alikipoteza. Pengo amehesabu. Sabini na sita yana vitu. La sabini na saba, lile la chini ya kidevu, Magamba anasema tu, "Hapo bado pana nafasi." Mtoto ananiuliza mimi, kana kwamba naishi na huyo mnyama.

Lakini nataka kukwambia jambo. Alhamisi alianguka kwenye ngazi za maktaba yetu hapa kazini, akachubuka goti. Nilimsikia, nikatoka mbio na pamba na dawa, nikamkuta amejikunja kama mpira, magoti kifuani, kichwa kimezama humo katikati. Nikamwambia, "Njoo kwa mama mkubwa." Akanijibu kutoka humo ndani, "Subiri kwanza. Magamba ananishika."

Nilisimama pale na pamba yangu kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.

Kazi yangu unaijua. Miaka kumi na sita najalidi vitabu vya watoto vilivyochakaa: nashona, napaka gundi, navika majalada mapya. Kurasa zinazolegea kwanza si za mfalme wala za upanga wa dhahabu. Ni za mnyama. Farasi anayeijua njia, paka anayesema, ndege wa kutumwa. Na ule ukurasa ambao mnyama anaumia hunifikia umejaa alama za vidole, na mara nyingine ulilowa ukakauka. Nimegundua na jambo la pili. Kabla mnyama hajaingia, mama huwa ameshatolewa. Amekufa, au amesafiri, au amelala usingizi wa kichawi. Mama hutoka ukurasa wa tatu, mnyama huingia ukurasa wa tano. Nimefuatilia vitabu arobaini na moja.

Mama mkubwa sijamwona hata kwenye kimoja. Sasa niambie, mdogo wangu, mimi niko ukurasa wa ngapi?

Nakutania. Andika sura ya sita, mtoto anangoja.

Dada yako

*

27 Februari

Dada yangu, shikamoo.

Natumaini kikohozi kimeisha na mgongo umekupa nafuu. Mimi mzima. Glavu zimeletwa, ila ni za mikono ya majitu, navaa mbili kwa mpigo ili zisinivuke.

Umemwonea wivu kakakuona! Nilicheka mpaka mwenzangu wa upande wa pasi akauliza kama nimepandishwa cheo. Dada, mimi namwandika huyo mnyama wakati wa mapumziko, nimesimama, karatasi juu ya rundo la mashuka. Nilimwingiza kwa sababu sikuweza kuingia mwenyewe. Hesabu yako ya ukurasa wa tatu na wa tano ni ya kweli. Mimi ndiye niliyetolewa. Nilimwacha mtoto ana miaka minne, sasa ana saba. Basi niachie huyo mnyama, ndiye mkono wangu pekee unaofika huko.

Na kama ni wivu, ngoja nikupe wangu. Jumapili kwenye simu nilimwuliza Pengo kama bado anapenda yai la kuchemsha. Unajua alinijibu nini? "Subiri mama, nimwulize mama mkubwa kama napenda." Akuulize wewe anapenda nini! Mimi niliyemzaa nikabaki nimeshika simu, nasikia miguu yake ikikimbia kuja kwako.

Sasa habari kubwa. Kaa chini kwanza. Karatasi zake za kuhamia huku zimekubaliwa. Mwezi wa Agosti atakuja kuishi nami.

Nakuomba usimwambie bado. Nataka hadithi imwambie. Katika sura ya saba, msichana na Magamba watafika kwenye lango la kutokea, na mtoto ataelewa kidogo kidogo, bila kushtuka. Wanyama wa hadithi si ndiyo kazi yao? Humvusha mtoto mahali ambapo peke yake angeogopa. Ila msomee kama nilivyoandika, neno kwa neno. Nakujua, hukawii kutia chumvi.

Mdogo wako

*

2 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Hatujambo. Kikohozi kimekwisha.

Sura ya saba imefika tarehe 28 Machi, ukurasa wa 41 hadi wa 46. Nimemsomea. Alilala vizuri.

Nina swali moja, ni la kikazi tu. Umeandika hivi katika ukurasa wa 44: "Lango lile lilimfungukia yule tu mwenye mtu wa kumngoja upande wa pili. Msichana alikuwa naye. Magamba hakuwa na mtu." Kisha msichana anapita, na Magamba anabaki mlangoni, na ukurasa wa 45 wote unamwonyesha akigeuka na kurudi peke yake. Miaka mitatu, samahani, sura saba amembeba, amemtafutia maji, amemfunika kwa mkia. Kwaheri yake umeipa mistari minne.

Nimekaa nikajiuliza, je, mdogo wangu ameandika mnyama au ameandika mtu?

Hakuna haja ya kujibu. Salamu kwa wenzako wa kazini.

Dada yako

*

20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sina nafasi ya mambo mengi.

Jumapili nilimwuliza mtoto, "Msichana alipopita langoni ulijisikiaje?" Akaniambia hakupita. Akaniambia lango lilikuwa na kutu, wakasukuma wakachoka, wakarudi, wakajenga nyumba. "Ina vyumba viwili, mama, kimoja cha msichana na kimoja cha Magamba, na dirisha la kuangalia mvua." Na yeye kafurahi, hana habari!

Mimi sikuandika kutu. Sikuandika nyumba wala dirisha. Vyumba viwili ni vya kwako, dada, na dirisha hilo nalijua, nimelifuta mwenyewe mara nyingi nilipokuwa naishi hapo.

Nilikuomba neno kwa neno. Unamfundisha mwanangu kwamba mlango wa kuja kwangu haufunguki. Unamtaka abaki. Kama ulitaka mtoto, ungejizalia wako, usinichukulie wangu.

Mama yake Pengo

*

8 Juni

Dada yangu, shikamoo. Shikamoo tena.

Wiki saba sijapata barua yako. Jumapili simu anapokea Pengo. Nikiomba nizungumze nawe, ananiambia, "Mama mkubwa ana gundi mikononi." Jumapili saba mfululizo una gundi mikononi.

Lile neno nililoandika mwisho nalikumbuka kila ninapokunja shuka, na kwa siku nakunja mia tatu. Mimi ndiye niliyekushika mkono siku uliporudi kutoka wodi ya wazazi bila kitu, na mara ya pili pia nilikuwepo. Najua kile chumba cha pili kilivyokaa kitupu hadi Pengo alipokiingia. Nilichagua pa kupiga kwa sababu napajua, na hakuna mwingine anayepajua.

Nilikuwa na wivu, basi. Si wa jana. Nilipoanza kuandika nilijiambia Magamba ni mimi. Sura ya pili tu akaanza kuchemsha maji, akaanza kumkumbusha msichana avae viatu, akawa na mgongo unaouma. Nikaona ninayemwandika ni wewe. Hata kwenye hadithi yangu mwenyewe umeniingilia! Nilipomwacha langoni, dada, sikuwa natafuta mwisho mzuri. Nilitaka abaki. Ndiyo maana ni mistari minne.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Mdogo wako

*

19 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mgongo unauma, kama huyo kakakuona wako. Natumaini na wewe hujambo na mikono inapona.

Sitakutukana. Ulichoandika kiliniuma, na sehemu yake ni kweli, kwa hiyo kiliniuma mara mbili. Ngoja nikupe mambo kwa mpangilio, kama yalivyo kwenye shajara, maana nikianza kueleza kwa maneno yangu ya leo nitajipendelea.

28 Machi. *Nimeisoma sura ya saba peke yangu kwanza. Nimetoa ukurasa wa 44 na wa 45. Jioni nimemsomea Pengo mambo yangu mahali pake. Amefurahi. Nimejisikia vizuri kwa nusu saa hivi.*

29 Aprili. *Barua ya mdogo wangu. Sitaandika kilichomo.*

3 Juni. *Leo nimeanza kuzishona sura zote ziwe kitabu kimoja, Pengo akinisaidia.*

Hapo ndipo nilipojinasa. Huwa namfundisha, kama ninavyomfundisha kila anayeingia kwenye chumba changu cha kazi, kwamba kabla ya kushona unahesabu kurasa. Akakaa kwenye stuli, akalowanisha kidole kama bibi kizee, akaanza. "Arobaini na mbili. Arobaini na tatu. Arobaini na sita." Akarudia. Akaniangalia.

"Mama mkubwa, hapa pamepungua."

Nikamwambia, "Labda zilidondoka." Mimi! Ambaye nimewahi kumgombeza bosi wangu kwa kutumia neno hilo.

Kesho yake alipotoka shule alikwenda moja kwa moja kwenye droo yangu ya chini. Unajua utaratibu wangu: ukurasa uliotoka kwenye kitabu hautupwi. Unaingia kwenye bahasha, na juu ya bahasha unaandika jina la kitabu, namba na tarehe. Kwa miaka kumi na sita sijawahi kutupa ukurasa, na huo ulionichoma moyo nao sikuweza kuutupa. Mtoto akaikuta bahasha iko mahali pake, kwa mpangilio wa herufi: *Magamba, uk. 44–45, zimetolewa 28 Machi.* Mwizi gani anaacha risiti?

Nilidhani hawezi kusoma mwandiko wako wa kuunganisha. Aliweka kidole chini ya kila neno akausoma wote, kwa sauti, mbele yangu. Ilichukua muda mrefu. Alipofika kwenye "Magamba hakuwa na mtu," akaniuliza:

"Kwa hiyo ile nyumba uliitunga?"

"Niliitunga."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Magamba atashikaje nyundo? Ana kucha tu."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akainua mabega. "Ulikuwa unasoma vizuri. Halafu ulikuwa umenishika mguu."

Basi nikamwambia yote, mdogo wangu. Agosti, karatasi zako, wewe unamngoja. Najua ulitaka hadithi imwambie, lakini hadithi nilikuwa nimeshaiharibu. Hakulia. Alirudi kwenye ukurasa wa 44 na kuukunjia uso, kama anavyozikunjia hesabu za shule.

"Mama ameandika vibaya."

"Usiseme hivyo, mama yako ameandika kwa shida."

"Lakini amekosea. Lango linafunguka ukiwa na mtu wa kukungoja upande wa pili, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Msichana ameshapita. Yuko upande wa pili. Si anamngoja Magamba? Basi lango lazima lifunguke tena. Amegeuka bure! Angesubiri kidogo tu."

Nilikaa chini. Watu wazima wawili, mmoja ameandika, mwingine ameficha, tumegombana kwa barua toka Aprili, na hakuna aliyeliona hilo. Wewe hukuliona kwa sababu hukutaka Magamba apite. Mimi sikuliona kwa sababu sikutaka msichana apite.

Kurasa zimerudishwa mahali pake. Amezishona Pengo mwenyewe, mishono kumi na mmoja, mitatu imepinda. Sikuirekebisha. Atakuja na kitabu chake Agosti. Viatu vyake ni namba thelathini na moja sasa, nunua thelathini na mbili. Yai la kuchemsha anapenda, bila kiini.

Dada yako

*

14 Septemba

Dada yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima na nyumba haijawa kimya sana. Sisi wazima. Pengo ameanza shule, amepata rafiki, na ameshamwambia mwalimu kwamba kuna jamaa yetu atakuja, ana magamba sabini na saba, atahitaji kiti kifupi. Mwalimu aliniita. Nilieleza nilivyoweza.

Usiku wa kwanza alinikumbatia mpaka akanibana mbavu. Nakwambia hilo kwanza ili lijalo usilifurahie sana.

Hataki nimsomee. Nilifungua kitabu, ukurasa wa kwanza kabisa, maneno niliyoyaandika mwenyewe, na Magamba alipozungumza tu akanizuia. "Hapana, mama. Hasemi hivyo." Nikafanya sauti nzito. Akatikisa kichwa. Nikafanya nyembamba. Akaniangalia kwa huruma, dada, kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa kandambili zisizolingana. Nikamwambia, "Huyu mnyama ni wangu, nilimtunga mimi!" Akasema, "Ndiyo mama, ila sauti iko kwa mama mkubwa."

Wiki nne nimejaribu. Anasoma mwenyewe sasa, kimyakimya, amegeukia ukutani. Nimemwandika mimi huyo mnyama kuanzia pua hadi mkia, na sina sauti yake.

Naona aibu kukuomba, lakini nakuomba. Anasemaje?

Mdogo wako

*

30 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko na za shule ya Pengo? Mimi sijambo. Nyumba ni kimya, usinitanie. Chumba cha pili nakifagia Jumamosi.

Barua yako ilifika tarehe 21. Ilikaa mezani siku tisa, na sitakudanganya kwamba nilikuwa na kazi nyingi. Niliisoma sehemu ile ya "sauti iko kwa mama mkubwa" mara nyingi, nikajisikia vizuri zaidi ya nusu saa. Nilifikiria kukujibu kwamba sijui, kwamba nilikuwa nasoma tu. Ungeamini. Mtoto angeendelea kuutazama ukuta, na sauti ingebaki kwangu. Kisha nikamwona akilini amegeukia ukutani, nikachukua kalamu.

Magamba ana mafua yasiyoisha. Semea puani, polepole, kama mtu aliyeamshwa lakini hana kinyongo. Kabla ya jambo la maana huvuta pumzi mara mbili, ya pili ni ndefu. Akiogopa hapandishi sauti, anaishusha, mpaka mtoto asogee karibu ili asikie. Akicheka hutoa pumzi tu, hana kicheko. Neno "twende" hulisema kama swali. Ukifika ukurasa wa 44, usikimbie ingawa ni mistari minne. Mshike mguu, wa kushoto, ndio unaopoa. Usimwambie kwamba nimekufundisha. Mwambie umekumbuka.

Mara ya kwanza utakosea. Atakuzuia. Endelea.

Hiyo ndiyo sauti yote, nimekupa, sijabakiza hata pumzi moja.

Ila kuna kitu kimoja sikupi. Wiki ile Pengo alipoondoka nilifungua droo ya chini kutafuta bahasha, nikakuta moja ambayo sikuiandika mimi. Mwandiko ni wa kwake, mkubwa, unapanda mlima. *Magamba, gamba la mwisho. Jino 1. Limetolewa 15 Agosti.* Ndani yake kuna jino, lile la pembeni lililokuwa linalegea toka Julai. Alinificha siku nzima akitafuna upande mmoja.

Najua utalitaka. Mama wengi huyatunza, na wewe la kwanza hukuliona, la pili hukuliona. Usiliombe. Nimeirudisha bahasha mahali pake, kwa mpangilio wa herufi, na mwambie Pengo kwamba pale chini ya kidevu sasa pamejaa, na asichoke kungoja karibu na lango.

Dada yako